Somo la samaki: kuanzia mwaloni Hombolo, kupanda hadi korongoni

Basi likiondoka Dodoma mjini saa 12 asubuhi, watoto wanafika mwaloni, pale samaki wanaposhushwa kando ya bwawa la Hombolo, wavuvi wakiwa bado wanapima na kuuza. Likiondoka saa 2, wanakuta magamba yamekauka juu ya mawe na ndoo ya mwisho ya samaki imeshapakiwa kwenye bodaboda. Safari ni ya kama kilomita 40 tu, lakini kuchelewa huko kunaondoa nusu ya somo, na hakuna picha ya kwenye kitabu itakayoziba pengo la samaki anayepumua mbele ya mtoto.

Wengi tunaoongoza safari hizi za wanafunzi tulianza kwa mpangilio wa kitabuni: kwanza kilima, halafu mto, halafu bwawa, mwisho samaki. Kwenye karatasi unapendeza. Njiani unaharibika, kwa sababu watoto wanafika bwawani saa 5 jua likiwa kali, wamechoka, na samaki hawapo. Siku hizi tunaugeuza. Samaki kwanza, macho yakiwa bado mapya, kisha kila swali linawapandisha juu kidogo: huyu anakula nini, hayo maji yametoka wapi, mbona yana rangi ya chai ya maziwa, udongo huo umetoka shamba gani? Mtoto akifika korongoni baada ya maswali hayo, anajua kwa nini kapelekwa kwenye shimo kavu lisilo na samaki hata mmoja.

Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957 kwa kuuzuia mto Kinyasungwe. Ramani yake tunaichora mchangani kwa kijiti kabla ya kazi yoyote: maji yanayopita bwawa yanashuka na Kinyasungwe, yanaingia Wami, na Wami inamwaga baharini jirani na Saadani. Watoto wa Dodoma wengi hudhani bahari haiwahusu. Wakiona mstari mmoja unaotoka kwenye korongo la nyuma ya shule yao na kuishia Bahari ya Hindi, hunyamaza kidogo, na hapo ndipo pa kuanzia.

Maandalizi ni wiki tatu. Barua kwa wazazi inayosema wazi kwamba watoto hawataingia majini. Taarifa kwa afisa uvuvi, kwa mtendaji wa kijiji na kwa viongozi wa wavuvi wa mwalo. Mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanane. Darasa la watoto 48 linahitaji watu wazima sita, na dereva hahesabiwi. Walimu wawili na watoto 60 ni matembezi, si somo, na karibu na maji ni hatari. Siku tatu kabla, mtu mmoja aende peke yake akaangalie barabara, kina cha maji kando ya mwalo, na awaulize wavuvi kuhusu kiboko na mamba. Swali hilo halirukwi. Kwa wanaofikiria Mtera badala ya Hombolo, kule wanyama hao wapo kweli, na kundi la watoto lisogee ukingoni pale tu wavuvi wenyewe wanaposema ni salama.

Adabu nayo ni sehemu ya maandalizi. Mtoto anayemwita mvuvi mzee "wewe" atajibiwa mkato. Anayesema "shikamoo babu", au kundi likaitikia pamoja "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, linafunguliwa ndoo ya samaki bila kuomba. Na mzee huyo apewe mapema maswali matatu ya kujibu, la sivyo atatoa hotuba ya dakika arobaini na watoto watasinzia wakimtazama.

Sasa kichocho, ambacho kinastahili nafasi kubwa kuliko miiba na jua kwa pamoja. Mabwawa ya Dodoma yana konokono wanaobeba vimelea vyake. Vimelea hutoka kwenye konokono kwa wingi jua linapopanda, takriban saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, na hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia, ya kina kifupi, yenye majani. Yaani mahali hasa ambapo mtoto angependa kuchota. Kwa hiyo kanuni ni moja: anayeteka maji ni mtu mzima, akiwa na mabuti ya mpira marefu na glavu ndefu, na kazi ya majini inamalizika kabla ya saa 4. Watoto wanafanya kazi kwenye mabeseni wakiwa na glavu. Kuyachuja maji kwa kitambaa si kinga ya kutegemea. Maji ya mfano yanayorudishwa shuleni yakae kwenye chombo kilichofunikwa siku mbili kamili kabla ya kuguswa, kwa sababu kimelea kisichopata mwili hufa ndani ya muda huo.

Mtoto akiteleza akalowa, mfute mara moja kwa taulo kavu kwa kusugua, andika jina lake, waambie wazazi wake siku hiyohiyo, na umwelekeze zahanati kwa kipimo baada ya miezi miwili. Kipimo cha kesho yake hakitaona kitu, kwa kuwa mayai ya kimelea huchukua wiki kadhaa kuanza kutoka kwenye mkojo au choo. Dawa ipo, ni prazikwanteli, na inatibu.

Kuna jambo ambalo viongozi wengi hulisahau, nalo ni choo. Watoto 48 wamekunywa uji saa 11 alfajiri. Saa 2 wote wanatafuta kichaka, na kichaka kilicho karibu ni cha ukingoni. Mzunguko wa kichocho unaanzia hapohapo, mkojo au kinyesi kinapoingia majini na kumfikia konokono. Omba ruhusa ya vyoo vya shule ya kijiji, simamisha basi pale kwanza, halafu ndipo mshuke mwaloni. Ukiwaeleza watoto sababu, umeshafundisha nusu ya biolojia ya konokono bila ubao.

Mwaloni tunafanya kazi na samaki wawili tu: perege na kambale. Wakiongezeka, watoto wanakariri majina na kuacha kutazama. Nunua perege mmoja wa takriban nusu kilo kwa kila kikundi cha wanane, na kambale mmoja au wawili kwa darasa zima. Usinunue wadogo, ingawa ni wa bei nafuu. Mtoto anasoma hata unachonunua. Kwa sababu hiyohiyo tumeacha kutengeneza vyandarua vidogo vya kuvulia wadudu kutokana na neti ya mbu. Kuvua kwa neti za mbu na kwa kokoro kumekatazwa, na mwalimu akionekana na kipande cha neti majini, maneno yake yote kuhusu sheria ya uvuvi yamekwisha thamani. Chujio la jikoni lililofungwa kwenye mpini wa ufagio linatosha.

Dakika tano za kwanza hakuna anayetaja jina la kiungo. Wanachora. Penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu karatasi italowa. Ubao wa kuandikia ni kipande cha boksi na vibanio viwili vya nguo. Mtoto aliyechora pezi la mgongoni la perege na kuona kwamba miiba yake ya mbele ni migumu na ya nyuma laini hahitaji kuambiwa kwa nini ndege humgeuza samaki na kummeza kichwa kwanza.

Kisha mpasuo. Mkasi unaingia kwenye tundu la haja, ncha ikielekezwa juu ili isitoboe utumbo, unakata kuelekea kichwani hadi chini ya matamvua, halafu unapandisha mkato ubavuni na kufungua kama dirisha. Mkasi ni bora kuliko kisu: kisu kinateleza kwenye ute na vidole vya watoto viko jirani. Kosa la kawaida ni kukata kwa haraka na kupasua nyongo. Kila kitu kinakuwa kijani na hakuna kinachoonekana tena.

Ndani ya perege, kazi tamu kuliko zote ni utumbo. Umejikunja kama kamba ya katani kwenye kibonge. Wape watoto beseni lenye maji safi ya bomba waukunjue polepole kwa vidole viwili, waunyooshe kando ya rula, kisha wagawe urefu huo kwa urefu wa samaki. Watapata mara kadhaa. Halafu wapime wa kambale: mfupi, mnene, na tumboni mwake huenda mna mdudu, mfupa wa samaki mdogo au konokono. Sababu wanaweza kuikisia wenyewe, kwa kuwa wamekulia na ng'ombe na mbwa: mla majani anahitaji njia ndefu ya kusagia, mla nyama haihitaji. Perege huishi sana kwa mwani na mabaki ya mimea, na mwani unahitaji mwanga. Weka neno hilo "mwanga" kando. Litarudi.

Kwa kambale, fungua kifuniko cha matamvua na uangalie juu, nyuma ya matamvua yenyewe. Kuna kitu chekundu chenye matawi kama kichaka kidogo. Hicho ndicho kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu na kuishi kwenye tope ambalo perege angekufia. Tahadhari: mapezi ya kifuani ya kambale yana mwiba mgumu wenye meno, na samaki aliye hai anaweza kuuchomeka kiganjani. Ashikwe na mvuvi.

Mayai ndiyo yanayofungua mjadala. Perege dume huchimba kiota cha duara kwenye mchanga wa maji mafupi, jike hutaga hapo, kisha huyachukua mayai mdomoni na kuyalea humo. Yanaanguliwa kwa siku chache, na vifaranga hukaa mdomoni hadi kama wiki mbili tangu kutagwa. Ni mayai mamia tu. Kambale hutaga makumi ya maelfu, yanajishikiza kwenye nyasi, yanaanguliwa kwa takriban siku moja na nusu, na hakuna mzazi anayeyalinda. Waulize watoto: nani mwenye akili? Ubishi utakaotokea una thamani kuliko jibu. Ukienda kiangazi, maji yakiwa yamerudi nyuma, viota vya perege vinaonekana vikavu ukingoni kama sahani zilizobonyezwa ardhini, na watoto wanaweza kuvipima kipenyo kwa kamba bila kulowa hata kidole.

Hapa ndipo tunapomtaja samoni, kwa sababu watoto wamemwona kwenye video akiruka maporomoko na huuliza kama samaki wetu naye husafiri. Samoni wa mito inayoingia Bahari ya Pasifiki huko Marekani na Kanada huzaliwa kwenye kokoto za mto wa maji baridi, hushuka baharini kukua, kisha hurudi kwenye mto uleule akiongozwa na harufu ya maji yake. Jike hufukia mayai yake elfu kadhaa kwenye kokoto, na wengi wao hufa baada ya kutaga. Mizoga yao hulisha dubu, ndege na hata miti ya kando ya mto. Shule za huko hulea mayai ya samoni darasani kwenye tangi la maji yaliyopozwa, kisha watoto hupeleka vifaranga mtoni. Kulea vile hatujaiga, na hatushauri mtu abebe vifaranga vya perege kwenye chupa kutoka bwawa moja kwenda jingine, maana anabeba na magonjwa. Tulichokiiga ni kumfuata samaki mmoja tangu yai hadi kifo. Kwa Dodoma msafiri wetu ni kambale. Mvua za kwanza zikifurisha mito, hupanda usiku kuelekea nyasi zilizofunikwa na maji na kutaga humo. Mtoto wa Bahi analijua hilo kuliko mwalimu, kwani amewaona kwenye majaruba ya mpunga, mahali ambapo mto Bubu unaishia bila kutoka kwenda bahari yoyote.

Kutoka kwenye samaki tunahamia kwenye maji, bado kabla ya saa 4. Vipimo viwili vinatosha.

Cha kwanza ni joto. Tumia kipimajoto cha spiriti, si cha zebaki, kifungwe kwenye fimbo. Pima juu ya uso, kisha kwenye kina cha mita moja, na kila mara kiache dakika mbili kabla ya kusoma. Watoto hukitoa majini na kukiinua juani ili wasome vizuri, na namba inapanda mbele ya macho yao. Kisomwe kikiwa ndani ya chupa iliyojaa maji ya kina kilekile. Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 kama saba na nusu, na Dodoma iliyo juu zaidi ya mita 1,000 kiasi hicho hupungua tena. Samoni hawezi maji ya nyuzi 28, perege huyapenda. Lakini hata perege, kwenye maji ya moto yenye tope, utamwona alfajiri akipigapiga mdomo juu.

Cha pili ni uangavu. Kata shingo ya chupa ya maji ya lita 1.5. Kitako chake kina mabonde yanayopinda mwanga, kwa hiyo usichore alama nje. Kata duara kutoka kwenye mfuniko mweupe wa ndoo, chora msalaba mweusi kwa wino usiofutika, libandikie kokoto chini, lizamishe ndani. Koroga maji ya mfano, mimina taratibu huku ukitazama kutoka juu, na usimame msalaba unapopotea. Pima kwa rula kutoka kwenye duara hadi usoni. Kipimo kifanyike kivulini, na mtazamaji awe yuleyule kwa mifano yote, maana macho ya watoto hayalingani. Usipokoroga, tope linazama na utapata namba nzuri ya uongo.

Sasa lile neno. Maji yakipoteza msalaba kwenye sentimeta tano, mwanga wa mwani unafika wapi? Na chakula cha perege kiko wapi? Tuseme ukweli kwa watoto: tope halimuui perege moja kwa moja kama linavyoziba pumzi ya mayai ya samoni kwenye kokoto, kwa sababu perege ameyabeba ya kwake mdomoni. Linachomnyang'anya ni chakula na kina. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka, wakati jua na upepo vina uwezo wa kunyonya zaidi ya mara tatu ya hapo. Bwawa lililojaa udongo linakuwa sahani pana: linapata joto upesi, linakauka upesi. Mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi yalipimwa na watafiti miaka ya mwanzo ya 1970 kwa sababu hiyo hasa, udongo kuyajaza.

Saa 4 tunapanda. Kilomita chache juu ya bwawa huwezi kukosa korongo. Chagua lenye kingo zisizoning'inia, na watoto wakae juu yake, si chini ya ukingo. Vuta kamba iliyonyooka kutoka upande mmoja hadi wa pili, weka alama kila nusu mita, na kila alama pima kina hadi chini kwa fimbo yenye sentimeta. Wastani wa vina mara upana, na mmepata eneo la mkato. Mwaka ujao mrudi palepale. Tatizo ni alama za kudumu: vigingi vya mti vinaliwa na mchwa au kuwa kuni, nondo zinauzwa chuma chakavu. Tumia mti mkubwa au jiwe lisilohamishika kila upande, piga picha, andika umbali wa hatua.

Jaribio la mabeseni mawili, la kuonyesha jinsi nyasi zinavyoshika udongo, linafaa hapo kivulini. Moja lina udongo mtupu, jingine bonge la nyasi lililokatwa zima jana yake pamoja na mizizi. Yote mawili yana mdomo uliokatwa upande mmoja, yameinuliwa kwa jiwe lenye kimo kimoja. Mimina lita moja kwa kila moja kwa chupa ileile yenye mfuniko wa matundu kumi ya msumari, na kinga yanayotoka. Likishindikana, sababu ni moja kati ya mbili: nyasi zilichimbwa asubuhi hiyo na udongo wake ukavunjika, au mtoto mmoja alimimina kwa kasi kuliko mwenzake.

Watoto watauliza kuhusu ng'ombe, na wengi wao ni wa wafugaji. Usiwalaumu baba zao. Eleza yaliyofanyika Kondoa: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka vibaya. Majani yalirudi, na familia zililipa gharama kubwa kwa kupoteza malisho. Waache watoto wapime pande zote mbili.

Saa 6 wanakula, saa 7 basi linageuka. Karatasi ya maswali iwe na maswali manne, moja kwa kila kituo. Tumeona karatasi zenye ishirini: watoto wanaandika "mfumo ikolojia ni" huku wamelipa bwawa kisogo.

Kitu cha mwisho kupanda basini ni chupa mbili zilizofungwa vizuri, moja ya maji ya bwawa na moja ya mtoni kama mto una maji. Shuleni ziwekwe kwenye rafu ya juu darasani, zisitikiswe, zikiwa na tarehe na saa. Jumatatu asubuhi mtoto wa zamu apime kwa rula, kupitia kioo, unene wa tope lililotulia chini, aandike milimita ubaoni, na chupa zirudi kwenye rafu.